Dua Zilizotoka Ghorofa ya Tatu

Taraz, siku ya theluji ya kwanza

Mtani wangu Orinbai,

Hujambo huko Almaty? Nyumba yako haijambo, wanao hawajambo, mifugo yako haijambo? Najua mfugo wako wote ni paka mmoja anayelala juu ya kabati la vitabu, lakini nisipouliza habari za mifugo utawaambia watu kwamba nimesahau adabu za kwetu. Sisi huku tu wazima, isipokuwa mimi. Daktari wa moyo, binti mdogo mwenye mikono baridi, ameniagiza nisipande ngazi, nisibebe kitu, nisikasirike. Nikamwuliza, na kuandika barua je? Akasema inategemea ni barua gani. Nimelipenda jibu lake. Kwa hiyo naandika asubuhi, nikiwa bado na nguvu, na Saltanat, mke wa mwanangu, nimemwambia naandika wosia ili asije kunichungulia.

Nianze na nililokuficha, maana nikiliweka mwishoni huenda nikasinzia kabla sijalifikia. Dua zangu si zangu. Zile ulizozikusanya miaka yote hii, unazotaka kuzichapa kitabu nitakapotimiza miaka themanini, zile ambazo watu hutumiana kwenye simu nikionekana nimekunjua viganja na joho limenifika magotini, sikuzitunga mimi. Alizitunga Perizat, binti wa jirani yetu wa ghorofa ya tatu. Ndiye huyo huyo unayemwita mwizi katika makala uliyoniletea niipitie kabla haijatoka gazetini. Nakuomba usiitoe. Ukitaka kukasirika, kasirika, wewe hujakatazwa na daktari, lakini soma mpaka chini.

Unajua nilivyopata uzee wa kutoa dua? Haikuwa hekima, ilikuwa zamu. Mimi ni mtu wa hesabu, nimefundisha chuoni mpaka chaki ikaniingia mapafuni. Alipofariki mzee Bekdaulet wa jengo la pili, watu wakatazama ni nani anayemfuata kwa umri, wakanikuta mimi, na ndevu zimeshakuwa nyeupe. Tangu hapo nikawa naitwa kila mahali: kwenye arusi, kwenye kumkata mtoto kamba ya miguuni aanze kutembea, kwenye kufungua duka, hata mtu akinunua gari kuukuu. Unakunjua viganja, ukumbi mzima unakunjua viganja, kunakuwa kimya, na hapo ndipo unatakiwa uwe na la kusema. Mimi nilikuwa na dua moja tu. Njia yako iwe pana, mlango wako usikose wageni, aamin. Nikawapa maharusi, nikampa Yerkin alipofungua duka la matairi, nikampa mtoto wa jirani siku ya kamba yake. Watu wakajipangusa nyuso, wakaendelea na nyama.

Siku moja Saltanat alikuwa anakanda unga, simu ameiegemeza kwenye birika, anacheka peke yake. Nikamwuliza anacheka nini. Akasema aa, baba, ni blogu tu ya mtu asiye na kazi. Nikamwambia anisomee. Akanisomea habari za mzee wa mji fulani anayembariki mtoto kama anavyobariki matairi, na mwandishi alikuwa anajiuliza kama yule mtoto atakua mviringo na kuuzwa manne manne. Hapo Saltanat akaniangalia usoni. Akaacha kucheka, akaupiga ule unga kama umemtukana mama yake.

Nilikasirika muda wa bakuli moja la chai. Chai ilipokwisha, hasira nayo ikaisha, nikabaki na swali. Ni nani huyu aliyenitazama vizuri hivyo, nami nisimwone? Nikamwomba Saltanat anifundishe kuifungua hiyo blogu mwenyewe. Jina lake ni “Leo Pia Hawakuniita”. Nikaisoma yote tangu mwanzo, mtani, kama nilivyokuwa nikisoma karatasi za mitihani, ila safari hii nilitaka zisiishe. Alikuwa ameandika juu ya ofisi ya ajira, ambako mama wa dirishani amepanda michongoma ya vyunguni na huisemesha kwa upole kuliko watu waliopanga foleni. Aliandika jinsi unavyotembea mjini saa za kazi, na kila mtu anadhani umetoka hospitali. Aliandika juu ya mama yake, anayewaambia majirani kwamba binti “anafanya mambo ya kompyuta”. Na vibarua vyake! Maneno ya kwenye keki. Mashairi ya jubilei ya meneja wa maji. Jina la kiwanda cha mkate. Bwana mmoja alimtaka amwandikie mkewe maneno ya kuomba radhi, lakini yasikiri kosa lolote. Akayaandika, na mke akarudi. Mimi niliajiriwa siku niliyomaliza chuo, nikastaafu palepale. Sikujua kwamba asiye na kazi huchoka kuliko mwenye kazi. Wewe ulijua?

Kumpata haikuwa shida. Katika habari moja alimtaja mzee anayewatupia njiwa tambi zilizolala, na akaeleza upara wake unavyoonekana kwa juu. Nikatoka uani, nikasimama mahali ninapowalishia njiwa, nikatazama madirisha. Hesabu nyepesi ya pembe. Ghorofa ya tatu, dirisha la pili.

Wakati huo ngazi nilikuwa naziweza. Mama yake alifungua, akadhani nimekuja kulalamika juu ya bomba, akaanza kuapa kwamba fundi anakuja kesho. Perizat akatokea nyuma yake, nywele hazijachanwa, sweta limetoka nyuzi. Nikamwambia nimekuja kwa habari ya matairi. Akawa mwekundu mpaka masikioni, akasema babu nisamehe, naifuta sasa hivi. Nikamwambia asifute kitu, Jumamosi kuna arusi ya binti wa Daurenbek, anitungie dua.

Nilitegemea ataniuliza mistari mingapi. Akaniuliza bibi arusi ni nani. Nikasema si nimeshasema, binti wa Daurenbek. Akasema babu, hilo ni jina la baba yake. Yeye mwenyewe anaogopa nini? Nikamwambia mimi nitajuaje anachokiogopa mwari wa watu. Akasema basi nenda kamwulize. Mimi, Orinbai! Niliyewatoa darasani watoto wa mawaziri! Nikavaa kofia, nikaenda. Na yule binti, nilipomwuliza, akaniambia anachoogopa ni ukimya, kwa kuwa wazazi wake wakigombana hukaa mwezi mzima hawasemezani, na chumvi huombana kupitia kwake.

Jumamosi nikakunjua viganja nikasema: “Ugomvi wenu uwe mfupi kuliko mchana wa Desemba, na mwenye kosa ndiye awahi kuweka birika jikoni.” Kisha mama wa bibi arusi akaangua kilio, na Daurenbek, lile gogo, akamsogezea leso. Walinivisha joho zito kuliko yote niliyowahi kupata. Nikiwa natoka nikasikia mtu akisema mzee sasa ameiva.

Fedha Perizat alikataa, akasema kuchukua fedha kwa mzee ni aibu. Tukakubaliana mfuko wa karamuni, ule ninaofungashiwa kila ninakoalikwa, uwe wake: nyama ya farasi, maandazi, peremende. Mama yake alisema hii ndiyo kazi ya kwanza ya binti yake inayolika.

Hivyo ndivyo tulivyoendelea. Yeye alitunga, mimi nikawa kibarua wake wa kuuliza maswali. Majirani niliokuwa nawajua kwa milio ya milango yao, sasa nikawajua wenyewe. Yerkin wa matairi, je, wajua alitaka kuwa mwimbaji, na huimba akiwa chini ya magari kwa sababu huko chuma humrudishia sauti? Yule mjane wa ghorofa ya kwanza anayepiga kelele, anazipiga ili mbwa wake kiziwi aone midomo yake inatembea. Nilikuwa narudi nyumbani nimechoka na nina furaha kama mvulana aliyechungulia kila tundu la mtaa. Nikamwuliza Perizat kwa nini haandiki tu maneno matamu ya kumfaa kila mtu. Akasema babu, ya kumfaa kila mtu nimeshayaandika sana kwenye keki.

Sasa nafika kwako. Karamu ya mwaka mmoja tangu kufariki kwa mkeo Zamzagul, ulipoita watu kule Almaty na mimi nikaja kwa treni. Kabla ya safari Perizat aliniuliza juu yako. Nikamweleza kwamba marehemu alikuwa anakufichia miwani kwa makusudi, ili uzunguke nyumba nzima ukiliita jina lake. Na mbele ya wageni wako nikasema: “Kila akipotezacho nyumbani kiendelee kumfanya aliite jina lile lile, wala asione haya kuliita.” Ulitoka nje. Uliporudi ulinikumbatia, ukasema ni mtu aliyechunga ndama pamoja nawe tu awezaye kusema vile. Nikakubali kukumbatiwa. Kumbatio lile halikuwa langu, mtani, na nimekaa nalo muda mrefu.

Basi vuli hii Nyumba ya Utamaduni ilitangaza kwamba inatafuta mtu wa kuandika maneno yote ya Nairuzi, sikukuu ya mwaka mpya: ya waigizaji, ya waimbaji, ya mshereheshaji. Na safari hii jina la mwandishi lingetajwa jukwaani. Perizat akaomba. Wakamtaka awaonyeshe kazi zake. Keki zimeliwa, mabango yametupwa. Kazi zake zilikuwa dua tu. Akaja kuniomba ruhusa. Nikamwambia ziweke. Akaziweka kwenye blogu bila kunitaja, akaandika juu yake kwamba hayo ni maneno aliyoyaandikia vinywa vya watu wengine.

Hazikupita siku nyingi, watu wakamvamia. Wakamwandikia chini pale: tafuta kazi, dada, usiibe ndevu za wazee. Mwingine akasema asiyeajiriwa na yeyote sasa kajiajiri mwenyewe mfukoni mwa babu yetu. Dukani wakaacha kumwitikia mama yake. Mkurugenzi wa Nyumba ya Utamaduni, mama mwangalifu, hakutaka kumhukumu kwa maneno ya mtandaoni. Akampigia simu mtu mmoja anayezijua dua hizo kuliko wote, akamwuliza. Mtu huyo hakumsaidia. Perizat akaambiwa asubiri mpaka jambo liwe wazi. Nafasi haijapewa mtu mwingine bado. Lakini makala yako ikitoka, na jina lako likiwa juu, imekwisha, na si ya Nairuzi tu. Nani katika mji huu atamwagiza hata neno la kwenye keki?

Utauliza kwa nini yeye mwenyewe hakunitaja. Nilimwuliza. Alisema babu, daktari amekataza usikasirishwe, mimi nitavumilia. Huja kila siku baada ya chai ya mchana, anakaa karibu na kitanda changu, ananisomea anayoandika. Sasa anaandika juu ya hilo hilo, bila uchungu, kwa udadisi tu, kama fundi aliyeletewa saa iliyosimama: ni nani aliyepigiwa simu, na alipata faida gani. Tunachambua pamoja. Yeye anasema huenda ni mshereheshaji wa ukumbi. Mimi nasema au mpwa wa Bekdaulet, yule mwenye wivu. Anaandika jina, anafikiri, anatikisa kichwa, anasema hapana, babu, yule hana sababu.

Haya ndiyo ninayokuomba. Makala ichane. Kitabu ukikichapa, jina la Perizat liwe juu, na mimi uniweke ndani kwa herufi ndogo, kama mdomo. Saltanat nimeshamwambia kwamba huu si wosia. Ataipiga picha barua hii, kesho asubuhi aipeleke kwa mkurugenzi, na nyingine aipandishe ghorofa ya tatu. Mwenyewe siwezi kupanda, na ningeweza, nadhani ningeishia ya pili.

Nisalimie wanao wote, hasa yule mdogo aliyerithi pua yako masikini. Wasalimie wazee wenzetu waliobaki, waambie nawatangulia kwa sababu siku zote nilikuwa mwepesi kuliko wao. Mungu akupe macho ya kusoma na jino la kutafunia nyama. Tukisameheana, tumesameheana, tusiposameheana, njoo unisute kabla theluji haijafunga reli.

Limebaki jina la aliyepigiwa simu. Mkurugenzi aliniuliza kwa heshima zote kama ni binti huyu anayenitungia dua. Sikuwa nimelala, wala dawa hazikuwa zimenilevya. Nilimwambia simjui.

Mtani wako,
Sabithan