Kisima cha Masouda

Rim shoga, uko wapi? Nimetoka kwenye usaili wa ufadhili sasa hivi.

Ule mradi wangu wa chumvi kwenye visima vya mji wa Medenine, niliompa msimamizi wangu Profesa Lotfi asome, akaniambia haujaiva? Kampa mpwa wake. Seif. Huyo huyo ninayemchoreaga grafu.

Tuliwasilisha mbele ya jopo ukumbi mmoja, yeye kabla yangu. Akafungua ramani. Ramani yangu. Hata rangi hakubadilisha. Profesa kakaa mbele anaitikia kwa kichwa kama baba wa bwana harusi.

Ramani yangu, Rim.

Nikasema leo namrukia mtu. Halafu nikakiona kisima cha tatu kwenye ile ramani. Unakumbuka sikuwa nimekichagua, nikaandika jina lolote tu kujaza nafasi? Wamelibeba hilo hilo.

Maswali yalipofunguliwa nikanyoosha mkono. "Ndugu Seif, hiki Kisima cha Masouda kiko wapi hasa?"

"Kusini ya mji, dada. Mimi mwenyewe nimekunywa maji yake."

"Yakoje?"

"Yana chumvi chumvi hivi."

Profesa akadakia, "Kinajulikana sana hicho. Nimeshakwenda mara nyingi."

Mara nyingi. Wala hakupepesa macho.

Mwenyekiti wa jopo akanigeukia. "Binti, mbona unacheka?"

"Samahani mama. Kisima hicho hakipo. Masouda ni punda wa bibi yangu."