Kidevu Juu

9 Machi

Wifi yangu Fundi,

Salamu nyingi. Hujambo wewe, na cherehani haijambo? Mimi mzima, isipokuwa macho, na hayo yameshavalishwa ile miwani mpya uliyoniona nayo kwenye harusi ya mwanao. Juu ni ya kuonea mbali, katikati ni ya kuonea mezani, chini ni ya kusomea, vyote ndani ya kioo kimoja bila mstari. Aliyeibuni, nina hakika, hajawahi kushuka ngazi. Nikitazama chini kama watu wanavyotazama chini, kidato kinageuka uji. Inabidi nibane kidevu kifuani kama beberu anayetaka kupiga pembe, nishike ukuta, ndipo nishuke. Ndiyo maana niliwapita wageni wako ngazini bila hata salamu. Nilikuwa vitani.

Tangu nirudi sijapata neno lako. Gauni la bibi harusi ulilolishona lilinifanya nijivune kuwa na wifi kama wewe. Unajua tangu kaka atutoke, nimebaki na wewe na mwanao tu. Nijibu, hata kwa matusi.

Wifi yako,
Mwalimu

21 Aprili

Mwalimu,

Hatujambo. Umeomba matusi. Sina, nina swali.

Ya ngazini nimekusamehe. Je, ya mezani? Nilipomleta mkwe wangu akusalimie, ulirudisha kichwa nyuma, ukainua kidevu, ukamtazama kutoka juu ya pua kuanzia shingo ya gauni mpaka kwenye pindo. Kisha ukanigeukia mimi, ukanitazama vilevile. Shangazi wa bwana harusi! Meza nzima iliona. Dada yangu akaninong'oneza, "Huyo wifi yako amekuja kula au kukagua?"

Miwani haijui dharau. Anayejua ni aliyeivaa.

Fundi

30 Aprili

Wifi yangu,

Nakusalimu kwa aibu. Barua yako nimeisomea bafuni. Nikaiinua karatasi, nikaisoma, halafu nikaganda vilevile nilivyokaa, nikarusha macho kwenye kioo cha ukutani. Lahaula! Nilimwona mwanamke anayenusa kitu kilichooza.

Naapa sikujua. Sehemu ya kusomea iko chini kabisa ya lenzi, kwa hiyo kitu cha karibu huwezi kukiona vizuri mpaka uinue kidevu. Nilitaka kuuona mshono wako. Nilitaka kukuona wewe. Na hapa nyumbani nani angeniambia? Tangu nistaafu nakula na redio. Nasahihisha magazeti kwa kalamu nyekundu na hakuna anayebisha. Mtu akiishi peke yake, uso wake unaweza kwenda popote, hakuna wa kuuita urudi.

Niombee radhi kwa mkwe, au nipe nafasi niseme mwenyewe. Lakini na mimi nina swali. Umenijua tangu ulipokuwa mchumba wa kaka. Miaka yote hiyo inafutwaje na kidevu? Hilo nalipinga, na nitaendelea kulipinga mpaka unijibu.

Wifi yako,
Mwalimu

12 Juni

Wifi Mwalimu,

Habari za siku nyingi. Sisi wazima. Mkwe hana kinyongo. Anasema alidhani unaitafuta kasoro ya mama mkwe wake kwenye mshono, na roho yake ilikuwa inakushangilia uipate.

Mwenye kinyongo ni mimi. Ule uso naujua, ni wa marehemu kaka yako. Kabla hajaanza kuugua aliacha kunijibu. Nikimuuliza jambo aliinua kidevu vile, akanitazama mpaka ninyamaze. Mbele yenu alikuwa mcheshi, mnacheka mpaka mnashika mbavu. Mlango ukifungwa, kidevu. Nimekula nacho meza moja mpaka tukamzika. Nikalia begani kwako, na sikusema.

Siku ya harusi nilikuwa na furaha. Nikageuka, nikakiona tena. Umeuliza, nimejibu.

Wifi yako,
Fundi

14 Juni

Fundi,

Salamu. Marehemu hawezi kujibu, basi namjibia mimi. Kaka yangu ndiye aliyenifundisha kusoma kabla sijaijua shule. Hakuwa mtu wa kumdharau mtu. Alikuwa mgonjwa, na mgonjwa hunyamaza. Nilikuwa nakuja kwenu kila likizo, nikilala chumba cha pili. Ningeona.

Nimebaki na wachache. Usinipunguzie na huyo.

Mwalimu

2 Septemba

Wifi,

Naomba uwe mzima. Sijui, maana hujaandika, na sina uso wa kukulaumu.

Miwani nimeizoea. Ngazi nashuka nikiimba. Naona mbali, naona mezani, naona herufi za kwenye chupa ya dawa, na baada ya hapo sina cha kutazama.

Nilikuandikia, "Ningeona." Neno hilo nimelikagua kama ninavyokagua ya wengine, na halisimami. Nilikibeba kidevu changu mwenyewe harusi nzima nisikione. Sasa nitaapaje juu ya kidevu cha mwenzangu, ndani ya chumba nisichokuwemo? Nimebishana na wakaguzi wa shule, na wahariri, na majirani wa pande zote mbili, na nikashinda. Hii nimeshindwa. Na kinachoniuma ni kwamba mtu pekee ambaye ningependa kumpigia simu nimwambie, "Wee, leo nimeshindwa!" ni wewe.

Kaka bado nampenda. Wewe nakuamini. Wawili hao wanagombana kutwa humu ndani kwangu na siwasuluhishi.

Nataka kuja. Nikikutazama vibaya, niambie palepale, kwa sauti, mbele ya watu. Usingoje niondoke.

Wifi yako,
Mwalimu

25 Septemba

Wifi,

Tu wazima. Njoo.

Siku ya kwanza usimtaje, kwa zuri wala kwa baya. Na usije na hotuba, nakujua. Ukae tu pale karibu na cherehani, mimi nishone.

Wifi yako,
Fundi