Marwa wa Dakika Tatu

Ijumaa, Kisaka. Mawingu yamefunga tangu asubuhi na mvua haitaki kushuka. Ni ile hali ya hewa inayofanya ng'ombe walie bila sababu, na mimi nigeuke nyuma kila kitu kikichakarisha majani.

Kesho nasimama mbele ya majaji Tarime mjini. Nilidhani leo ningeandika kuhusu furaha.

Naandika kuhusu mume wangu, maana naona nimempoteza mara ya pili.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza: natengeneza matofali ya moshi. Nachanganya samadi ya ng'ombe na pilipili kichaa iliyosagwa, nakausha juani, na mkulima anayawasha jioni pembeni mwa shamba. Tembo akinusa, anageuza. Sisi huku tunaishi jirani na hifadhi, na tembo wakiingia kwenye mahindi yako mara moja tu, mwaka huo utakula kwa kuomba.

Matofali hayo ndiyo yaliyoniingiza kwenye programu ya kulea wajasiriamali wachanga. Tuliomba wengi, tukahojiwa, tukachujwa, tukabaki kikundi kidogo kinachokutana ukumbini Tarime kila Jumamosi. Kuna nesi wa Nyamongo anayeshona taulo za kike. Kuna kijana wa Sirari aliyebuni kitu cha kwenye simu kwa ajili ya madereva wa malori, anachanganya lugha mpaka walimu wenyewe wanaomba arudie. Kesho majaji watachagua wachache kati yetu wapewe mtaji na mwaka mzima wa kushikwa mkono. Wengine tutarudi nyumbani na vyeti.

Kila mmoja alipewa mlezi wa kumwongoza. Wangu anaitwa Kelvin, alikuja kutoka Dar na raba nyeupe, na matope ya Tarime yamemtia adabu. Si mtu mbaya. Alinifundisha kupanga bei, na alinifundisha kuacha kumkopesha kila anayecheka na mimi. Jambo moja tu lilitushinda. Mimi siuzi kwa shamba moja. Lazima majirani wanaopakana wanunue pamoja na wawashe pamoja. Kelvin anasema nafukuza wateja, na kila akiniuliza sababu najibu kwa kuzungukazunguka.

Alinifundisha pia kupichi, yaani kuieleza biashara yako yote mbele ya majaji kwa dakika tatu, simu ikihesabu. Na swali ambalo hawa watu wanalipenda kuliko yote, tangu usaili, ni hili: kwa nini wewe? Hawaulizi kwa nini matofali. Nilijibu ukweli. Nikasema tembo alimuua mume wangu, Marwa. Kelvin alifuta macho, akasema hadithi hiyo ndiyo itakayonipitisha, tuifanyie kazi.

Tukaifanyia kazi.

Ilivyotoka mara ya kwanza ilikuwa ndefu. Ilikuwa na mguu wa Marwa uliovunjika kwenye bodaboda Nyamongo, ukaunga vibaya, akawa anatembea kama mtu anayekwepa madimbwi. Ilikuwa na kikombe cha chai. Ilikuwa na Mzee Mwita, jirani yetu, aliyepiga yowe jioni ile. Huku kwetu yowe likipigwa, mwanaume haulizi la nani. Anachukua kilicho karibu na anakimbia. Asiyekwenda ajue kwamba siku akipiga la kwake, watu watamaliza kula kwanza. Marwa alikwenda, na tembo alimkuta katikati ya mahindi ya Mwita.

"Mama Ghati, majaji hawatakuwa na muda wa kumfahamu jirani," Kelvin aliniambia. "Sema tu shambani kwenu."

Nikasema shambani kwetu. Mguu nao ukaondoka, kwa sababu ulikula muda. Chai ikaondoka. Mwanzoni Kelvin alikuwa analia, baadaye akawa anaangalia simu na kutikisa kichwa kwamba sasa inakaa vizuri. Na mimi nikajua mahali pa kupunguza sauti, na mahali pa kunyamaza kabla ya neno "akafa" ili limwingie msikilizaji.

Najichukia ninapoandika sentensi hiyo.

Tangu hapo huyo Marwa wa jukwaani ananifuata. Nakoroga samadi, yupo. Nachota maji, yupo. Amesimama wima kwenye mahindi yetu, miguu yote mizima, anasubiri nimalize kumsema. Nikimtafuta wangu, yule aliyekuwa anaangua kicheko kabla kichekesho hakijaisha, anakuja huyu. Nikijaribu kukumbuka sauti yake nasikia yangu, ile ya ukumbini. Naogopa ndani ya nyumba yangu mwenyewe, mchana kweupe.

Ghati ndiye aliyeniamsha. Baba yake alipokufa alikuwa bado anatambaa. Sasa yuko darasa la kwanza. Chochote anachokijua kuhusu baba yake amekipata kwangu, na miezi hii yote amenisikia nikifanya mazoezi uani, kuku wakiwa ndio majaji.

Jana Mzee Mwita alikuja na ng'ombe wake kunilimia. Kila msimu tangu tumzike Marwa, Mzee hulima kwangu kabla ya kwake. Hajawahi kusema kwa nini, na sikuwa na haja ya kuuliza. Ghati alimpelekea maji, akakaa naye, akaanza kumsimulia. Nilikuwa naanika matofali nikasikia. Alikuwa na sauti yangu ya jukwaani. Alinyamaza palepale ninaponyamaza mimi.

"Baba alikufa akilinda mahindi yetu."

Mzee aliweka kikombe chini, akaniita.

"Mama Ghati. Mimi hiyo maneno yenu ya Tarime siijui. Lakini mtoto anasema Marwa alikufia kwenu. Sasa kwangu alikufia nani?"

Nilimwambia shikamoo. Nilikuwa nimeshamwamkia asubuhi, lakini sikuwa na neno jingine mdomoni. Aliitikia marahaba taratibu, akawafungua ng'ombe wake katikati ya mstari, akaondoka nao. Mstari ule wa jembe bado umeishia njiani. Nauona kutoka hapa nilipokaa.

Sasa niandike lile ambalo Kelvin halijui.

Nilikubali haraka mno jirani atolewe kwenye hadithi. Sikukubali kwa ajili ya muda. Moshi wa kwanza haukuwa wangu, ulikuwa wa Marwa. Jioni ileile alikuwa amerudi na pilipili kutoka Sirari, akazichoma na samadi kwenye debe bovu, mpakani mwa shamba letu. Tembo walifika, wakanusa, wakageuka. Tulicheka kama watoto. Akaja kukaa, nikampa chai, na hatukujiuliza wamegeukia wapi. Kisha tukasikia yowe la Mwita.

"Ni moshi wangu," Marwa alisema. Akaiacha chai, akakimbia. Ndilo neno lake la mwisho nyumbani kwetu.

Ndiyo sababu siuzi kwa shamba moja. Moshi wa mtu mmoja unampelekea jirani tembo. Lakini ukimtaja Mwita lazima useme tembo walifikaje kwake, na mimi sikujua namna ya kuwaambia majaji kwamba bidhaa yangu ilifanya kazi vizuri tangu jioni ya kwanza, na kwa hiyo mimi ni mjane.

Leo asubuhi nilikwenda kwa Mzee. Nilimkuta zizini. Nilimweleza yote, debe, pilipili, kicheko chetu. Alinisikiliza huku akimkuna ndama kichwani.

"Moshi nilikuwa nauona," akasema. "Tena Marwa mwenyewe aliniambia. Alifika hapa anahema, akasema, Mzee, nimekuletea wageni. Alikuwa anacheka, huyo mtu."

Nililia mpaka mke wa Mzee akatoka jikoni kuangalia kuna nini. Miaka yote hii maneno hayo yalikuwa hapo, ng'ambo ya ua, na hakuna aliyenipa kwa sababu hakuna aliyedhani sina. Nimekuletea wageni. Huyo ndiye. Huyo ndiye Marwa wangu.

Nilimpigia Kelvin simu nikiwa njiani. Nikamwambia jirani anarudi kwenye hadithi, na moshi pia, na atajua kwa nini nafukuza wateja. Akaniambia dakika tatu hazitatosha. Akaniambia majaji watasikia jambo moja tu, kwamba bidhaa iliua mtu, na wataniondoa. Hakusema kwa ubaya. Nadhani yuko sahihi.

Bila mtaji huo sina mashine ya kusaga, na bila mashine nitaendelea kutwanga pilipili kwa kinu, macho yakiwaka, kwa mashamba machache. Nautaka huo mtaji. Nautaka sana, sitajifanya mtu wa kiroho hapa.

Lakini nitaanza na yowe. Nikipitishwa, nipitishwe na mume wangu mwenyewe, pamoja na mguu wake.

Mchana huu nilimwita Ghati, nikamkalisha kwenye gogo. Nikamwambia nilikosea, baba hakufia kwenye mahindi yetu. Nikamweleza moshi, yowe, na maneno ambayo baba yake alimwambia Mzee Mwita. Nikamweleza mguu. Mguu ndio uliomshangaza kuliko tembo, maana hakuwahi kuusikia.

"Sasa alikimbiaje?"

"Vibaya," nikamwambia.

Akawaza. Akainuka kwenye gogo, akaukunja mguu mmoja kidogo, akaanza kukimbia kando ya mstari wa jembe, akichechemea, mabega yakienda upande, mikono ikitapatapa, akicheka kwa sauti. Hakuna aliyemfundisha yale mabega. Nilishika mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu ukumbi ule, nilimwona.

Alikimbia mpaka mstari ulipoishia, akasimama. Akanigeukia, mguu bado umekunjwa, akauliza baada ya hapo baba alikwenda wapi.

Nikanyoosha mkono, nikamwonyesha kwa Mwita.