Kavira, Pneu Zako Hazina Meno

Kavira mutoto wangu, wewe mwenye uko Kinshasa sasa,

Mama yako anakusalimia. Hapa Butembo mvula inanyesha tangu asubui. Nimekaa sokoni nyuma ya avoka zangu, na banunuzi bote bamekimbia. Donc nikasema: acha niandikie ule mwenye mvula haimukimbizi.

Unakumbuka siku velo yako ya course, baiskeli ya mashindano, ilishuka ku lori ya kutoka Kampala? Majirani bote bakakuja kuangalia. Mimi nikapapasa pneu, ile mipira ya magurudumu, nikakuta laini kama kichwa cha mutu mwenye kunyolewa leo. Nikajua: bamemuibia mutoto wangu! Bamemupatia pneu zenye zimekwisha. Nikafunga kikwembe vizuri, nikashika njia kwenda kwa muuzaji mwenye aliiagiza. Ukanikimbilia nyuma, viatu mukononi.

"Mama, rudia! Ziko za mupya!"

"Mupya? Meno iko wapi?"

"Meno ni ya potopoto, ya matope, mama. Hizi ni za goudron, barabara ya lami. Pneu nyembamba hivi, maji inakimbia yenyewe. Goudron njo iko na meno, inauma ndani ya mpira."

"Na siku goudron itasahau kuuma?"

Ulicheka mpaka ukakaa chini kando ya barabara. Lakini muuzaji nilimufikia hata hivyo, na nilimuangalia vibaya kidogo, asizoee.

Kisha majira ya mvula ikakuja. Batu banajificha chini ya mabati, wewe unatoka. Mimi nikapanda moto, pikipiki ya kukodi, nyuma yako, mwavuli mukononi, napiga kelele: "Polepole! Kavira, polepole!" Mpaka mwenye moto akageuka: "Mama, masikio yenye inakusikia ni yangu. Mutoto amekwisha kwenda." Mais nyuma yako nilijifunza mambo mingi. Kwamba mvula mbaya ni ile yenye inaanza tu, yenye inachanganyika na mafuta ya malori ya Kirumba na Kanyabayonga. Kwamba mistari nyeupe ya barabara, ikilowana, ni sabuni. Kwamba breki inakamatwa mbele ya kona, hapana ndani ya kona. Shule niliacha mapema, lakini hiyo naweza kufundisha hata batu bakubwa.

Halafu ile siku ya course kule Beni. Musichana mumoja tu njo angechukuliwa kwenda kujifunza na timu ya Kinshasa. Mumoja, na bote balikuwa na miguu ya nguvu. Uji ulikushinda asubui ile. Mimi pia, lakini nilikunywa ili usione.

Kaka yako mukubwa Kambale, kwa mapendo yake, alikuwa amejaza pneu zako upepo namna anajazaka velo yake ya kubeba viazi toka Masereka: ngumu kama jiwe. Mvula ikaanza. Ukabonyeza pneu, uso ukabadilika.

"Mama, hivi itaruka-ruka, itateleza. Toa upepo kidogo, mimi nafunga namba ku maillot, shati ya course."

Kambale akaweka mukono juu ya velo. "Upepo mingi njo nguvu! Munataka akimbie juu ya ndizi yenye kuiva?"

"Wewe Kambale, leo habebi viazi. Anajibeba yeye mwenyewe."

Nikatoa upepo, psss, nikabonyeza na kidole gumba namna nabonyezaka avoka: hapana ya kula leo, hapana ya kesho, ya kesho kutwa. Ukabonyeza na wewe, ukacheka. "Njo hapo, mama." Nani mwingine ku course ile alikuwa na mama wa hivyo? Hakuna. Niliangalia.

Ku kona ya rond-point, pale barabara inazunguka, ulikamata breki mapema, benzako babili bakakupita. Batu bakapiga mluzi. Baba mumoja karibu yangu akasema: "Ule anaogopa maji!"

"Ule muoga ni wangu, papa. Ngoja."

Hakumaliza kucheka. Bale babili bakashika breki ndani ya kona, juu ya mistari nyeupe, vuu, bote chini. Mungu asifiwe, balisimama, ni magoti tu ilichubuka. Wewe ukapita kando yao taratibu, wima, kama mutu anaenda kupokea komunyo, halafu goudron iliponyooka ukasimama ku pedali, ukaenda. Ulifika wa kwanza, matope mpaka ku meno. Na mimi nilikuwa nimekwisha kumukumbatia ule baba, hata jina lake sijui mpaka leo.

Tangu uende, nyumba iko kavu sana. Hakuna mwenye kuingia anamwaga maji chini, hakuna mwenye kusugua mnyororo na mswaki wa Kambale. Mvula ikipiga mabati, nafurahi, mais machozi kidogo inatoka. Usijali, ni ya mama. Ukituma sauti ku telefone, naongeza nguvu, soko yote isikie. Na kama kule banakucheka sababu unakamata breki mapema, baache bacheke. Mimi nataka ngozi yako irudi nzima.

Kitu kimoja bado. Unajua kwetu mama anaitwaka kwa jina la mutoto wa kwanza. Miaka yote nimekuwa Mama Kambale. Juzi mama mwenye kuuza vitunguu akaniita Mama Kavira mbele ya batu, na soko yote ikafuata. Kambale alikuwa pale pale na viazi vyake, nikaogopa atanuna. Akaweka muzigo chini, akasema: "Bamama, muite kwa nguvu. Hajasikia vizuri."

Donc leo nasaini hivyo mara ya kwanza, na usicheke mwandiko, mukono haujazoea jina hiyo. Kimbia muzuri, mutoto wangu. Wasingya, asante.

Mama yako,
Mama Kavira