Mitupo Kumi na Mitatu

Mpendwa Mshauri, naomba msaada, na kama unaweza niwahi kabla ya Jumamosi. Mimi ni baba wa miaka arobaini na tisa, nauza vipuri vya matrekta hapa Oklahoma, na tangu nizaliwe sijawahi kurusha mpira ukafika nilikoutuma, lakini Mungu kwa utani wake akanipa Tucker, miaka kumi na saba, mrushaji wa timu ya besiboli ya shule, anatupa maili themanini na nane kwa saa, na Jumamosi kocha wa chuo anakuja kumtazama, naye ndiye pekee aliyejibu kati ya makocha thelathini na mmoja tuliowaandikia.

Kwa kuwa kucheza siwezi, shule ilinipa kazi ya kuhesabu mitupo. Ligi yetu inasema mrushaji akizidisha themanini na mitano apumzike siku nne, asipozidisha apumzike tatu. Jumanne Tucker alirusha tisini na saba. Mimi nikaandika kwenye daftari la ligi themanini na minne, ili Jumamosi aruhusiwe kucheza. Loretta, mama anayewahesabia wapinzani, anatakiwa kulinganisha hesabu yake na yangu ndipo tutie sahihi wote wawili, ila siku hiyo alikuwa amepoteza hesabu, akasema, "Lonnie, wewe nakuamini, lete kalamu," nami nikampa huku nikimtania kuhusu kofia yake.

Jana mezani nikamwona Tucker anakula kwa mkono wa kushoto. Nikamwambia, "Vipi, umehamia upande wa pili?" Akasema, "Najifunza tu, baba." Rhonda, mke wangu, hakucheka. "Nyoosha huo mkono, Tucker." Kiwiko kiligoma katikati. "Umekaza kidogo tu, mama. Si nilirusha themanini na minne? Muulize baba, yeye ndiye alihesabu."

Rhonda akanigeukia. Nikasema ndiyo.

Mshauri, nikifungua mdomo shule itanyang'anywa ushindi wa Jumanne na kocha wa chuo atasikia jina letu kwa ubaya. Nikinyamaza, kijana atarusha. Nifanyeje?

Lonnie

*

Lonnie, nakujibu leo Alhamisi kwa barua pepe, kwani kwenye kipindi changu cha redio zamu yako ingefika Jumatatu, na Jumatatu hutakuwa na la kuuliza.

Nakuelewa kuliko unavyodhani. Mimi nilipiga kelele kwenye wavu wa uwanja mpaka mwanangu akahamia kuogelea, ambako akizamisha kichwa hanisikii. Lakini mimi nilimharibia mchezo tu. Wewe unacheza na kiwiko cha mtu, tena umemfanya aamini kwamba maumivu yake ni uvivu, maana daftari linasema hajachoka. Hilo ndilo linalonikera, si karatasi ya ligi.

Anza na Tucker na mama yake, jioni hii, wote wawili wakiwa wamekaa. Kisha mpigie kocha wa shule. Ushindi wakiuchukua, wauchukue, na daftari ulirudishe kabla hujaombwa. Mtafute Loretta umwombe radhi, maana sahihi yake iko chini ya uongo wako na yeye hajui. Kesho asubuhi kiwiko kiende kwa daktari; usilete habari za barafu na dawa ya kuchua.

Kocha wa chuo utampigia wewe, si kijana. Mwambie mkono unauma, hesabu uliipunguza wewe, na mtoto hakujua. Huenda akakata simu. Huenda akaomba kumwona majira ya joto. Sikuahidi lolote, ila warushaji wenye kiwiko kibovu nao huachwa, tena bila kupigiwa simu.

Na kuna jambo moja utajaribiwa kulifanya, nakujua, kwa sababu ningelifanya mimi. Utataka kumuuliza Tucker kama anaona anaweza kurusha Jumamosi. Atasema anaweza. Usimuulize.