Fomu Nimezikalia na Marcella Anazitafuta

Mama Mshauri,

naomba unisaidie na unisaidie haraka, kwa maana saa hii navyoandika wamefungua kabati ya tatu, na hizo fomu wanatafuta mimi nimezikalia. Sisemi kwa mafumbo. Ziko ndani ya sanduku ya mbao, ile ya kupakia majani ya chai, na hiyo sanduku ndiyo kiti yangu tangu nianze kazi kwa ofisi ya shamba, kwa sababu viti ni tatu na sisi ni wanne.

Mimi ni kijana wa upande wa Litein, nilisoma mpaka darasa la nne. Nilikuwa nachuna chai, halafu karani mkubwa Bwana Gekara akaona mwandiko yangu kwa kitabu ya kanisa, akasema huyu anaandika kama amepigiwa rula, akaniweka ofisini. Mimi si mtu ya maneno. Mimi naangalia tu.

Sasa mwezi wa nne kampuni ikasema livu ya wafanyikazi, ile likizo ya kila mwaka, haitapangwa tena na kile kitabu ya Bwana Gekara, itapangwa na mashini ya Nairobi, na kila mtu ataenda livu mwezi ule aliandikwa kazi, kama zamani. Nikapewa fomu mia tatu na kumi na mbili, kila mtu moja, nijaze siku yake ya kuandikwa. Nikijaza zinaenda kwa Marcella, meza ya dirishani, yeye ako na mashini ndogo ya kutoboa kadi, anasoma fomu anatoboa tundu, na kadi zinaenda Nairobi kwa mashini kubwa ile inasoma tundu.

Memo ilikuja na Kizungu. Bwana Gekara akasimama akaisoma, na ilisema hiyo mashini imetoka Amerika kwa hivyo mwezi inaandikwa mbele na siku inafuata, lakini hiyo nilikuja kujua baadaye, kwa maana mimi nilikuwa nyuma kwa mlango na Kizungu yangu ni ya kusema "yes sir". Nikaona wengine wanatingisha kichwa, na mimi nikatingisha. Nikaenda nikaandika venye mwalimu alinifundisha, siku mbele, mwezi nyuma.

Watu wakaja mmoja mmoja. Mzee Nyaberi wa geti akasema tarehe tatu mwezi wa kumi na mbili mwaka wa hamsini na nane, bila kufikiria, kama mtu anasema jina ya mtoto wake. Nikaandika 3/12/58. Kiplangat nikamuuliza aliandikwa lini, akasema jioni. Nikasema hapana, mwezi gani. Akasema ilikuwa inanyesha. Mama, hapa kwetu inanyesha kila siku. Nikamwandikia 1/1. Watu kama Kiplangat walikuwa sitini na moja na wote niliwaandikia 1/1.

Baada ya wiki tatu Nairobi ikarudisha kadi mia moja sabini na nne, imezikataa. Bwana Gekara akanitupia fomu zake akasema, "Kijana, mwezi mbele! Nilikuwa nasomea ukuta?" Nikaziangalia nikaona zote ni za watu waliandikwa tarehe kumi na tatu kwenda juu, na hapo nikaelewa, mashini iliona mwezi wa ishirini na tano ikasema hakuna mwezi kama huo. Hizo nikarudia vizuri. Lakini hiyo dakika tu nikaelewa na ile ingine, kwamba wale wa tarehe moja mpaka kumi na mbili mashini haikuwakataa, iliwameza. Iliona 3/12 ikasema sawa, huyu ni wa mwezi wa tatu. Yenyewe haijui Mzee Nyaberi. Haiwezi kumuuliza.

Hapo ndio ningesema. Marcella alikuwa hatua mbili kutoka kwangu. Nikafungua mdomo, Bwana Gekara akaniangalia akasema, "Unapiga miayo saa tatu asubuhi?" Nikafunga. Marcella alipomaliza kutoboa zile upya, jioni moja wote wakiwa wameenda, nikaweka fomu zote ndani ya sanduku nikakalia.

Mwezi huu wa sita karatasi za livu zikakuja. Phelix wa stoo aliandikwa tarehe saba mwezi wa pili, na mwezi wa pili alienda, sasa karatasi inasema aende tena tarehe mbili mwezi wa saba. Ameshafunga begi. Huyo hajalalamika. Lakini Mzee Nyaberi alikuja na karatasi yake ameishika na mikono mbili.

"Bwana Gekara, hii inasema livu yangu ilikuwa Machi na imepita. Machi nilikuwa geti. Wewe mwenyewe nilikufungulia."

"Mashini haikosei, Mzee. Ngoja mwaka ingine."

"Basi iambie kijana yangu wa mwisho anatahiriwa Desemba hii. Itakuja Kisii isimame mahali ya baba?"

Bwana Gekara akahesabu na vidole, mashini haikosei, memo nilisoma mwenyewe, kwa hivyo imebaki kutoboa. Watu wote wakageuka wakaangalia dirishani.

Marcella hakulia. Alisema, "Mimi natoboa chenye nimeandikiwa. Nikiandikiwa ng'ombe natoboa ng'ombe. Leteni fomu tuone."

Bwana Gekara akaniuliza, "Fomu ziko wapi?"

Nikasema sijui.

Mama, hiyo ndiyo neno ya kwanza nimesema kwa sauti ndani ya hiyo ofisi tangu mwezi wa nne, na ni uongo.

Sasa Nairobi imeandika kuna mtu anakuja kusikiza hiyo maneno, na kama fomu hazitaonekana Marcella atatoka kazini. Anakaa laini, zile nyumba za kampuni, na mama yake hawezi kutembea, na kazi ikienda nyumba nayo inaenda. Barua inasema huyo mtu anakuja 8/7/72. Bwana Gekara anasema ni tarehe nane Julai kwa sababu tuko Kenya. Dereva anasema barua imetoka kwa watu wa mashini, kwa hivyo ni tarehe saba Agosti. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Marcella akasema, "Kwa hivyo hata siku ya kufukuzwa siijui."

Nafikiria kuchoma hizo fomu na siwezi, kwa maana ni mwandiko yangu mzuri. Nafikiria kusema na siwezi, kwa maana nikisema narudi kuchuna chai, na hiyo si kitu, lakini atajua ni mimi nilinyamaza. Nimekujua kwa sababu yake. Jumamosi saa nne tukikunywa chai yeye ndiye anatusomea gazeti, anaanza na ukurasa yako, na anawacheka sana wale wanakuandikia. Usitaje jina yangu. Jibu unaweza tuma kwa anwani ya kanisa nimeweka kwa bahasha.

Leo ni tarehe kumi na nne mwezi wa sita, nimeandika na maneno. Sasa lazima niende, kabati zimeisha, na Marcella ananiita na jina yangu, hajawahi kuniita na jina, anasema nikuje nimsaidie kutafuta.

Mimi, Kericho

*

Kijana wangu,

Kwanza simama. Soma haya ukiwa umesimama.

Kutoelewa memo si dhambi. Hata mimi 3/12 ningeiandika kama wewe, na mwalimu wako alikufundisha vizuri. Kutingisha kichwa kwa jambo ambalo hujasikia ni ujinga, lakini ujinga huo tunao wengi, nenda kanisa lolote Jumapili ujionee. Hayo mawili nakusamehe. Ile "sijui" sikusamehei. Siku hiyo ulikuwa mtu pekee katika shamba lote anayejua, na ukamwacha mwanamke mwenye mama mgonjwa ajibu kosa la mkono wako. Halafu ukaenda kumsaidia kutafuta! Mlitafuta wapi? Chini ya meza?

Unasema mashini haiwezi kumuuliza Nyaberi. Kweli, haiwezi. Wewe umepewa mdomo na ni wewe huulizi. Usiilaumu mashini.

Sasa fanya hivi. Fungua sanduku. Zile mia moja sabini na nne ziweke kando, hizo zilikataliwa na umeshazirekebisha, kelele za Bwana Gekara zilikusaidia. Chukua zile zilizomezwa kimya. Kiplangat na wenzake wa 1/1 watoe, hata ukiipindua inabaki 1/1, na hiyo jioni yake mtatafuta siku nyingine. Kama kuna wa 5/5 au 9/9, toa pia. Waliobaki ndio wagonjwa. Sijui ni wangapi, labda sabini. Mwombe Bwana Gekara kile kitabu chake cha zamani, uangalie kila mmoja alikuwa akienda livu mwezi gani. Nyaberi utamkuta Desemba kila mwaka, na huo ndio ushahidi. Kisha kando ya kila tarehe andika mwezi kwa herufi, Desemba, si 12, kwa huo mwandiko wako mzuri. Safari hii mwandiko huo ufanye kazi ya maana.

Ukimaliza usiziache mezani ukatoroka. Mpe Bwana Gekara mkononi, Marcella akiwa hapo, useme maneno haya na usiongeze: "Hizi ni mwandiko wangu. Yeye alitoboa kama nilivyoandika. Nilijua tangu Mei." Sauti ikitetemeka, iache itetemeke. Ukirudishwa kuchuna chai, chuna. Yeye akikucheka, ana haki. Na Phelix mwambieni afungue begi.

Huyo mtu wa Nairobi anakuja Julai au Agosti? Mimi sijui, wala wewe huna haja ya kujua. Fomu zikionekana wiki hii, siku yoyote akija ni sawa.

Jina lako sijalitaja, kama ulivyoomba. Majina ya wengine nimeyaacha yalivyo, hawana kosa la kuwafanya wajifiche. Lakini fikiria kidogo. Katika Kericho yote ni makarani wangapi wamekalia sanduku la chai lenye fomu mia tatu? Uliniambia mwenyewe nani anasoma ukurasa huu, siku gani, saa ngapi, na kwa sauti. Nadhani ulijua unachofanya ulipotia barua posta, na hilo ndilo jambo la kiume la pekee nililoliona katika karatasi zako zote.

Nakala ya jibu hili nimeituma kwa anwani ya kanisa Jumatatu. Gazeti linatoka Jumamosi. Una siku chache katikati. Marcella akifika kwenye mstari huu, uwe umeshasimama.