C ya Signe

Jumatatu, 11 Februari 2019
Fomu ya ufadhili wa Signe iko mezani, kati ya siagi na dawa ya ndama. Mwisho ni Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Shule ni hapa nyumbani. Mwalimu: mimi. Mshauri wa wanafunzi: mimi. Mkuu wa shule: mimi tena. Nafasi ya mwanafunzi darasani: wa kwanza kati ya mmoja.
Chini kabisa, sharti: mwombaji asiwe na alama chini ya B. Binti yangu ana A kila somo, na C moja. Uandishi. Niliitoa mwenyewe, Oktoba.
Bila ufadhili huu hakuna chuo. Bei ya maziwa ilishaamua hilo.

Jumanne, 12 Februari
Wifi yangu Darla kapita kuchukua mayai. Anafundisha shule ya mjini. Miaka kumi na miwili anangoja tushindwe. Kaisoma fomu bila kuombwa.
"Wifi, unamnyima mwanao chuo kwa kalamu yako mwenyewe? Andika B. Nani atajua?"
"Nitajua mimi."
"Shule ya jikoni, na bado ina mwalimu mnoko!"
Nilikaa gazetini miaka kumi na tisa. Sikubadilisha habari hata moja kwa sababu ilimuuma mtu. Insha iliyopata C ilihusu siku, miaka mitatu iliyopita, ambayo marehemu babu yake, Thorval, aliuza ng'ombe wake wote. Signe aliandika kwamba lori lilipoondoka, babu aliingia zizini saa ya kukamua, akawasha mashine, akasimama mbele ya nafasi tupu. Imeandikwa vizuri. Lakini siku ile nilimwacha Signe hapa mezani na hesabu zake. Nikaandika pembeni kwa wino mwekundu: *Nani aliona?* Usichokiona usikiandike kana kwamba ulikiona.
C inabaki!

Jumatano, 13 Februari
Nimetuma fomu asubuhi kwa kompyuta, na C yake ndani. Signe alisimama nyuma yangu, akaona nikibonyeza. Kavaa mabuti, kaenda kulisha.
Mchana, supu ya viazi. Orrin, mume wangu — mtu wa maneno kumi kwa siku — kaweka kijiko chini.
"Alikuwepo."
Nikamuuliza nani, wapi.
"Signe. Kwa baba, siku ile. Nilimkuta juu, kwenye dari ya zizi, kwenye nyasi kavu, kalala kifudifudi anachungulia kwenye tundu. Alitoroka hesabu. Akaniomba nisikwambie."
"Miaka mitatu, Orrin!"
"Nilimpa neno langu."
Katika miaka kumi na miwili, binti huyu katoroka shule siku moja. Nami nimemwadhibu kwa kuona.

Alhamisi, 14 Februari
Maji yameganda bombani. Tumeyayeyusha kwa kikausha nywele.
Gazetini, kosa lilisahihishwa ukurasa wa pili, kesho yake, bila kujitetea. Nimewaandikia chuo hivyo hivyo: alama sahihi ya Uandishi ni A, mwalimu alidai mwandishi hakuwepo, alikuwepo, shahidi ni baba yake. Nimetia sahihi mara tatu, kwa vyeo vyangu vyote.
Orrin kasema watamwona mama anayepandisha alama siku moja kabla ya kufunga. Wamwone! Kuibadilisha Jumanne kungekuwa uongo. Kuiacha leo ndio uongo.
Signe kasema, Mama, ungeacha tu. Nikamwambia huu si upendeleo, na avae kofia.

Ijumaa, 15 Februari
Saa kumi na dakika ishirini jioni. Naandika zizini, nimekalia ndoo. Simu imelia Signe akiwa anakamua ng'ombe wa sita. Bi Pruett, ofisi ya ufadhili. Sauti ya mtu aliyezoea kudanganywa.
"Naomba mwalimu wake wa uandishi."
"Ndiye mimi."
"Mshauri wake?"
"Mimi."
"Mkuu wa shule?"
"Unaongea naye."
"Basi kati yenu watatu, nani aliyekosea?"
"Wote watatu."
Kasema barua ya mzazi haimtoshi. Anataka kumsikia binti, na mimi nisitie hata neno.
Mikono ya Signe imejaa, kwa hiyo simu iko juu ya dumu, spika imefunguliwa. Bi Pruett kamuuliza aliona nini kule darini.
"Babu alikuwa anataja majina ya ng'ombe," Signe kasema kwa sauti kubwa, kushinda mashine. "Nafasi kwa nafasi. Alifika ya tisa akasahau. Akarudi mlangoni, akaanza upya."
Hili halimo kwenye insha. Sikulijua.
"Mbona hukuliandika?"
"Lile lilikuwa lake babu."
"Na mbona hukumwambia mama yako kwamba ulikuwepo? Umekaa na C tangu Oktoba!"
Signe kapangusa mikono kwenye suruali. Hanitazami.
"Aliandika swali kwa wino mwekundu. Nani aliona. Nikangoja aniulize."
Saa kumi na dakika arobaini na moja. Bi Pruett bado yuko kwenye simu. Signe kamgeukia ng'ombe wa saba. Nimekatazwa kutia neno.
Nainuka kwenye ndoo, nikamuulize Signe —